Vichwa Sita vya Shangazi Zuhura

Harufu ya gundi ndiyo iliyonirudisha. Juzi nilikuwa mezani nikijaza fomu ya kuomba kazi, ya kumi na moja tangu nihitimu, na mbele yangu palikuwa na picha zangu mbili za pasipoti. Fundi wa studio alikuwa ameniuliza, mkono tayari juu ya kompyuta, "Dada, nikung'arishe kidogo?" Nikamwambia atoe zote mbili, ya ngozi yangu na ya kung'arishwa. Nisiwafiche: niliwaza siku tatu nibandike ipi. Siku ya tatu nikafungua kopo la gundi, nikavuta pumzi, na mara nikajikuta Guangzhou, nina miaka minane, na mfukoni mwa gauni langu mna vichwa sita vya shangazi yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Mama alikuwa akifuata nguo China na kuziuza Kariakoo. Safari ile alinichukua kwa sababu bibi aliyezoea kubaki nami alikuwa msibani Tanga, na jina langu lilikuwa limeandikwa ndani ya pasipoti ya Mama. Alikuja pia wifi yake, Shangazi Zuhura, dada mdogo wa baba: mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa. Mtaani kwetu walimwita Nguzo ya Umeme.

Shangazi hakutengana na daftari lake la jalada gumu. Ndani alibandika picha za wanamitindo weusi, alizokata kwenye magazeti ya Ulaya yaliyochakaa. Majina yao hakuyajua, akawapa ya kwake: Mwanamwema, Bi Shingo, Malkia wa Nyusi. "Huyu ndiye aliyefungua mlango," aliniambia akigusa picha kwa ncha ya kidole. "Huyu wa pili akauzuia kwa mguu usifungwe. Na huyu, mtazame anavyotembea, wala hajui kama palikuwa na mlango." Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu. Nilipomuuliza ni wa nani, alicheka akalifunga daftari.

Duka alilolitegemea Mama lilikuwa Barabara ya Zhanqian, ndani ya jengo lililonuka nailoni mpya na chai. Mwenye duka, Liang, sote tulimwita laobani, kama wanavyoitwa matajiri wote wa maduka kule. Midoli yake ilikuwa myeupe yote, haina makalio, magauni yamebanwa kwa pini mgongoni ili yaonekane yamewakaa. Mama hakumwamini yeye wala midoli yake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema kila asubuhi, kisha alivuta zipu moja moja, akanusa kitambaa, akageuza mishono. Mimi nikaiga. Nilikagua watu kama yeye alivyokagua mishono, na Liang ndiye niliyemshuku zaidi. Alicheka kabla hujamaliza kusema, na kila siku alinipa pipi za maziwa. Mtu wa kukupa pipi kila siku ana lake jambo, nilijiambia. Pipi nilizila.

Siku moja Shangazi alijaribu gauni la njano na kilemba chake, na wateja wakasimama. Liang akaja na ombi: apigwe picha katika magauni sita, zitundikwe mlangoni.

"Sitaki malipo," Shangazi alimjibu. "Nataka nakala za picha zangu."

"Wifi," Mama alinong'ona, "anayekusifu sana anakupima."

"Anipime, wifi yangu. Urefu ninao wa kutosha."

Walipoanza kupiga picha, nilichungulia kwenye pazia. Taa mbili kubwa zilimmulika Shangazi usoni, na nyuma yake mama yake Liang, bikizee mwenye pini mdomoni, alikuwa akizichomeka mgongoni mwake moja baada ya nyingine. Bibi yangu alikuwa amenifundisha kwamba akumulikaye mchana, usiku atakuchoma. Hawa hata usiku hawakuungoja. Shangazi alipobadili nguo nilimkagua mgongo: hakuna tundu hata moja. Hilo nalo likanitia shaka.

Siku ya tatu baada ya picha nilimkuta bikizee yule nyuma ya duka na mkasi, ametulia kama anayetoa miba ya samaki. Chini ya kigoda chake, kwenye kapu la vipande vya nyuzi, vilikuwamo vichwa sita vya Shangazi, kila kimoja na kilemba chake. Nilingoja ageuke, nikavikusanya, nikavitia mfukoni. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na hakika kwamba nikitamka tu, jambo litatimia. Mchana wote nilimtazama Shangazi shingo alipokuwa akimeza.

Kesho yake tulikuta picha zimetundikwa. Magauni yalikuwa sita, kiwiliwili ni cha Shangazi, lakini juu ya kila shingo palibandikwa, kwa gundi iliyokuwa bado inanuka, kichwa kilekile cha mzungu mwenye nywele za manjano, cha kukatwa gazetini. Mikono tu waliisahau. Ilining'inia pale, myeusi, na pete ya fedha ya Shangazi.

Mama Odette, mnunuzi wa Lubumbashi aliyekuwa akichagua blauzi, alishika kiuno. "Mais, yee! Sura ya Bruxelles, mikono ya kwetu! Huyu mama jua ilimuchoma mikono tu?"

Duka zima lilicheka. Shangazi hakucheka. Alianza kuzitoa picha mlangoni.

"Dada, hapana shida," Liang alisema akimkimbilia. "Gauni moja, ile ile. Uso mzungu, watu penda."

"Twende, wifi," Mama akamvuta mkono. "Kontena inafungwa bandarini Huangpu keshokutwa na mzigo wangu wote uko kwa huyu bwana. Ukimkasirisha ninarudi mikono mitupu. Ni picha tu."

"Mwili wangu anautaka, kichwa changu hakitaki. Atundike vyote au asitundike kitu."

"Kichwa meiyou," Liang alisema, yaani hakuna, akionyesha viganja vitupu. "Tupa."

Hapo mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe. Nilitoa vichwa vitano. Cha sita nilikibakiza, kwa sababu hata wakati ule sikumwamini mtu.

Shangazi hakuniuliza nilivitoa wapi. Alifungua kibati cha chakula chetu, akasaga punje za wali kwa kidole, akajibandika mwenyewe juu ya yule mzungu, mara tano. Mama Odette akasogea mpaka pua ikakaribia picha ya gauni la njano.

"Sasa naona. Njano ku ngozi yetu iko vile? Miye nilikuwa naiogopa." Akamgeukia Liang. "Patron, unipe hii. Ya huyu mama."

Liang aliitazama picha, akamtazama mteja, akacheka. Mara ile alicheka baadaye, si kabla. Picha tano zikarudi mlangoni. Ya sita Shangazi aliikunja, akanitazama mfukoni.

Mzigo wa Mama ulifika. Nakala alizoahidiwa Shangazi hazikutolewa kamwe. Safari iliyofuata Mama alirudi akisimulia kwamba kwenye duka la tatu kutoka lile la Liang kulikuwa na picha ya binti wa Kikongo, akiwa na kichwa chake mwenyewe. Shangazi, anayeuza mapazia Tanga hadi leo, alisema tu, "Ukiona vyaelea, vimeundwa," akaendelea kumenya viazi.

Mimi nilikuwa nimeogopa taa, pini na pipi. La kuogopwa lilisemwa na mama yangu mwenyewe, kwa upendo: ni picha tu. Miaka mingi nilidhani wanawake wa daftari lile walibahatika kuwa wazuri. Sasa nadhani kila mmoja wao alikuwa na asubuhi aliyogoma mlangoni mwa mtu, huku mtu wake wa karibu akimvuta mkono, twende, tumechelewa.

Kichwa cha sita nilimrudishia nilipoingia sekondari, kwa aibu. Alikibandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, kwa wali, ingawa gundi ilikuwapo.

Juzi nilibandika picha ya ngozi yangu, nikaikandamiza kwa dole gumba mpaka ikakauka. Ile nyingine niliikata vipande vidogo kabla ya kuitupa. Makapu siyaamini tangu zamani.