Vidokezo vya Dada

Sheria ilikuwa moja tu: usitaje jibu. Ukilijua neno linaloingia kwenye visanduku vya fumbo la gazeti, lifiche, umpe mwenzako kidokezo, na kidokezo chenyewe kitoke nyumbani kwetu, si kwenye kamusi. Gazeti lilipouliza chombo cha makuti cha kubebea nazi, herufi saba, dada yangu aliniandikia kutoka Uarabuni: "Ulitumbukia ndani ulipokuwa mdogo, ukalia mpaka baba akaja kukutoa." Nikajaza PAKACHA. Gazeti lilipotaka kitu kinachosukwa kisha kikashonwa mkeka, akaandika: "Shangazi hawezi kusengenya mpaka awe nacho mkononi." Ukili. Na siku walipouliza hali ya kukosa utulivu, herufi nane, aliandika, "Jina lako la pili," halafu akanitumia sauti yake akicheka.

Wasiwasi. Nilijaza herufi zote nane, lakini sikucheka. Nilikaa nikijiuliza kama ndivyo wanavyoniita nyumbani ninapokuwa sipo.

Mchezo huu tuliuanza dada alipokuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja Diani. Wageni wakiondoka huacha magazeti kitandani, naye akiyaleta nyumbani Msambweni mwisho wa wiki. Yale ya Kiingereza yalikuwa na fumbo la maneno gumu, ambalo swali lenyewe limepindwa makusudi ili usiione njia. Majibu hutoka katika gazeti la siku inayofuata, na gazeti la siku inayofuata mara nyingi hatukulipata, kwa kuwa mgeni alikuwa ameshapanda ndege. Kwa hiyo tulibaki na maswali. Tulilala kitanda kimoja tukibishana juu ya neno ambalo hatungelijua kamwe, mpaka mama agonge ukuta. Baadaye tulihamia gazeti la Kiswahili. Maswali yake yalikuwa mepesi mno, tukaamua kuyafanya magumu sisi wenyewe. Ndipo ilipozaliwa ile sheria.

Halafu hoteli ikapunguza watu, dada akaondoka kwenda kufanya kazi ya nyumbani Uarabuni. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Niliporudi na shahada yangu, kitanda kilikuwa changu peke yangu. Bado nalala upande wa ukutani, kama kwamba kuna mtu atakayekuja kuchukua upande wa nje.

Kazi niliyosomea sijaipata. Natuma maombi, kisha nayasoma tena baada ya kuyatuma, nikitafuta kosa. Nikilipata sina la kulifanya, na nisipolipata nafikiri sijatazama vizuri. Rafiki zangu wa shule wako Mombasa au Nairobi, na wale waliobaki wana watoto na hawana muda wa maneno yangu. Kwa sasa nauza fotokopi katika duka dogo karibu na hospitali. Watu huja na vitambulisho na kadi za bima, hutoa nakala, huenda zao. Wengi wana wagonjwa, kwa hiyo hawakai kuzungumza. Baada ya adhuhuri duka huwa kimya kabisa, isipokuwa sauti ya feni.

Mwenye duka ni mama mmoja aliyetoka bara zamani, mumewe alipopata kazi ya ulinzi hotelini. Gazeti hulinunua yeye, kwa ajili ya matokeo ya mpira na matangazo ya vifo. Mimi humwomba ukurasa wa fumbo, nikaupiga picha na kumtumia dada.

"Profesa," alikuwa akiniambia, "si uulize tu simu ikupe majibu yote? Dakika moja umemaliza."

"Nikimaliza nitafanya nini, mama?"

"Aki wewe! Utafute bwana."

Dada alijibu saa nane mchana, kila siku. Watu wa nyumba anayofanyia kazi hula, kisha hulala mpaka alasiri, na hapo ndipo alipokuwa na simu yake. Saa nane ikikaribia nilikuwa siwezi kufanya jambo jingine. Nilipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Simu ikilia, ilikuwa kama mtu amevuta kiti akaketi karibu yangu. Nilikuwa nimejiwekea akilini kwamba mimi ndimi ninayemwondolea upweke. Yuko mbali, ndani ya nyumba ya watu, hana ndugu, hana wa kuzungumza naye lugha yake. Nilijihisi nina kazi, na kwamba kazi hiyo naifanya vizuri.

Mkataba wake ulikuwa unaisha baada ya Ramadhani. Mama alikuwa ameshaanza kujiandaa. Alikuwa amefua pazia, ametenga majogoo wawili, na kila sentensi yake ilianza kwa "dada yako akija." Mimi pia nilikuwa na orodha yangu kichwani, ila sikumwambia mtu. Akija, tutakwenda pamoja Ukunda kutafuta kazi. Akija, nitaacha kusoma barua zangu mara mbili. Maisha yangu yote niliyasogeza mbele mpaka siku hiyo, yakaningoja pale.

Kisha siku moja gazeti likauliza kitu kinachopatikana ufuoni kwa wingi, herufi saba. Swali la mtoto. Jibu nililijua, na ndiyo maana nilifurahi, kwa sababu kidokezo kingeweza kutoka popote. Angeweza kutaja siku tuliyomzika mjomba ufuoni mpaka shingoni akiwa amesinzia. Angeweza kutaja maandazi ya sherehe ya jirani, yaliyomwagika na bado yakaliwa. Nilikaa nikikisia atachagua lipi.

Saa nane ikaja. Aliandika: "Mchanga."

Nilidhani amekosea, nikangoja afute. Hakufuta. Nikamuuliza, "Vipi kidokezo?" Akajibu, "Ndiyo hilo. Mchanga." Kesho yake alituma majibu manne kwa mpigo, yote sahihi, bila hata salamu. Siku iliyofuata, vivyo hivyo.

Sijui mtu mwingine angefikiri nini. Mimi nilifikiri si yeye. Nilifikiri simu imeshikwa na mtu mwingine, anayejibu ili sisi tusishtuke, na mtu huyo haijui sheria yetu. Nikamtega. Nikamuuliza mjomba tulimfanya nini ufuoni. Akaandika, "Baadaye, nina kazi." Hilo halikunituliza. Kila mtu huku amesikia habari za msichana aliyenyang'anywa simu, aliyefungiwa chumbani, aliyerudi hawezi kutazama watu usoni. Mimi nilizisikia zote upya, mchana nikitoa nakala za vitambulisho. Nikarudi kwenye jumbe zake za nyuma na kuzisoma kuanzia mwanzo. Nikaona kwamba vidokezo vilikuwa vikifupika tangu kitambo, na mimi sikugundua.

Nilimwambia mwenye duka.

"Labda amechoka tu," alisema.

"Hajawahi kuchoka."

"Hajawahi kukuambia. Si ni mtu?"

Nilimwona hajui hali ilivyo. Jioni ile nikamwambia mama.

Natamani ningeyachagua maneno. Nilisema, "Mama, nadhani dada hayuko salama. Labda wamemfungia." Mama alikuwa akikuna nazi. Aliacha pale pale, akafunga leso kiunoni, kama kwamba Uarabuni ni nyumba ya tatu na angefika kwa miguu. Hakula usiku huo. Asubuhi tukaenda Ukunda, kwa wakala aliyempeleka dada. Mama ana miguu inayovimba, na ofisi ilikuwa ghorofa ya pili. Alipanda akishika ukuta, na hakunikubalia nimshike mkono.

Wakala alikuwa kijana mpole. "Shikamoo mama. Karibuni."

"Marahaba. Nataka kumsikia mwanangu."

"Kuna tatizo gani?"

Mama akanitazama. "Mweleze."

"Amebadilika," nikasema.

"Amekwambia anapigwa? Ananyimwa chakula?"

"Hapana."

"Hapewi mshahara?"

"Hapana. Ni namna anavyojibu."

Alinitazama kidogo, akachukua simu, akazungumza Kiarabu na mtu, akangoja. Kisha akaiweka mezani ili sote tusikie. Kwanza zilikuja sauti za sufuria, na mtoto akiimba. Halafu ikaja sauti ya dada, inahema.

"Mama? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, mwanangu. U mzima?"

"Mzima. Niambie ukweli, mama. Ni baba mkubwa?"

"Sote wazima, alhamdulillahi. Tulisikia umefungiwa."

"Nimefungiwa na nani? Nilikuwa sokoni na mama mwenye nyumba sasa hivi. Nani kawaambia?"

Mama alisema taratibu, "Mdogo wako."

"Mpe simu."

"Ipo mezani, anakusikia."

"We mwana, nani kakwambia nimefungiwa?"

Nilijua kwamba nikishalisema, halitarudi. "Ulinitumia mchanga," nikasema.

"Nilikutumia nini?"

"Jibu. La fumbo. Wiki hii yote umekuwa ukinitumia majibu."

Wakala aliinama, akavuta mtoto wa meza, akatafuta kitu ambacho nadhani hakikuwamo.

"Yaani," dada alisema, "mama katoka Msambweni na miguu ile, kwa sababu ya gazeti?"

Mama aliivuta simu karibu, akamuuliza kama anakula vizuri, akamwombea dua, akaaga. Tuliporudi hakunigombeza. Tulipofika nyumbani tu ndipo alipovua viatu, akaitazama miguu yake, akasema, "Leo umenitia aibu. Lakini nimemsikia." Kisha akaenda kumalizia nazi iliyokuwa imeanza kuchacha, akaona haifai, akaimwaga.

Siku zilizofuata sikumtumia dada picha yoyote. Gazeti lilikuja, nikaliacha liende na matangazo ya vifo. Mwenye duka aliniangalia na, kwa mara ya kwanza, hakuniita profesa. Saa nane zilipita. Nilikuwa nimezizoea kama mlango unaofunguka. Sasa zilikuwa ukuta tu kama saa nyinginezo. Nilifikiria kumwandikia kuomba radhi. Niliandika, nikafuta, nikaona neno "samahani" lina baridi, na "nisamehe" linadai jibu.

Ijumaa alipiga mwenyewe. Mama alikuwa uani akianika nguo. Nilikwenda kuketi chumbani.

"Bado umenuna?" aliniuliza.

"Sijanuna. Naona haya."

"Hata mimi niliona haya. Nyumba nzima hapa inajua mama yangu alihangaika kwa sababu ya mchanga." Alicheka kidogo, akaacha. "Sikiliza, mdogo wangu. Ile saa nane, unajua ni saa gani kwangu?"

"Saa wanapolala."

"Saa ninapoweza kulala mimi pia. Ndiyo saa pekee. Naamka kabla ya alfajiri, na usiku mtoto hanipi nafasi."

Nilihesabu haraka miezi yote ile, kisha nikaacha kuhesabu. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Ulirudi kutoka chuoni, huna kazi, huna rafiki. Mama aliniambia unashinda na ile mashine ya fotokopi. Nikaona, angalau nikuwekee kitu cha kungoja."

Alilisema kwa upole, kama mtu anavyosema amekuwekea chakula. Hakujua alichokivunja. Mimi nilikuwa nimekaa kule dukani siku zote nikimfariji mtu, na kumbe mtu mwenyewe alikuwa akijikaza asisinzie ili anifariji mimi. Nilimuuliza huko kukoje hasa. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza swali lisilohusu visanduku. Akaniambia kuna wasichana wawili wa Lunga Lunga katika mtaa ule ule. Ijumaa huruhusiwa kukaa pamoja uani. Wanapika wali wa nazi ya kopo, wanausema vibaya, na wanaumaliza. Alikuwa akinisimulia, sauti yake imechangamka, na mimi nikamsikia ni mtu mwenye maisha.

"Kuna jingine," akasema. "Wameniomba niongeze mkataba. Miaka miwili."

"Umewajibu?"

"Nimewakubalia. Ndiyo maana sikuwa na moyo wa vidokezo. Kila nilipotaka kuandika kitu cha nyumbani, nilikuwa naona kama nakudanganya." Akauliza, "Wewe ulitaka nirudi?"

Nilianza kumwambia kwamba mama amefua pazia. Nikamwambia kuna majogoo wawili wamenona, na kwamba upande wa nje wa kitanda hakuna anayeulalia.

"Usinipe kidokezo," akasema. "Niambie."

Ni jambo dogo kumwambia mtu. Lakini mimi nilikuwa nimejifunza njia zote za kulizunguka neno, na hiyo ya moja kwa moja nilikuwa siijui vizuri. Nilisikia nguo zikikung'utwa uani.

"Nataka urudi," nikasema. "Nataka sana."

"Sirudi, mdogo wangu. Si mwaka huu wala ujao."

"Nimesikia."

"Mama nitamwambia mimi mwenyewe, kesho. Usimwambie wewe. Utamwambia kwa namna yako, atafungasha virago."

Nikacheka. Nilitazama saa ya simu. Ilikuwa bado saa nane na kitu, alasiri ilikuwa mbali.

"Kalale," nikamwambia.

"Hatujamaliza kuzungumza."

"Kalale, dada. Bado una muda."

Akasema haya, na simu ikakatika. Mama aliingia na beseni tupu kiunoni, mikono imelowa, uso wake unangoja.

"Alikuwa yeye? Anasemaje?"

"Amelala, mama," nikamwambia, nikasogea kumpisha aketi.