Kitabu cha Mazombi Ndani ya Kaki

Nianze na upumbavu wangu, maana ploti yetu nzima ya vyumba vya kupanga hapa Kianda inaujua tayari na sina cha kuficha. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuja mlangoni kuniomba kijitabu cha kutunza wazee nyumbani, kile nilichopewa kliniki wakati babangu alikuwa anaugua. Ilikuwa saa nane mchana na mimi nimelala, siumwi popote. Badala ya kuinuka kama binadamu, nilinyoosha mkono hadi kwa stuli, nikashika kitabu cha kwanza chenye jalada la kaki, nikampa. Akasema asante. Nikageukia ukuta.

Kilikuwa kitabu cha mazombi.

Hilo jalada lina historia. Shuleni tulichapwa kama vitabu havijavalishwa karatasi ya kaki, na mimi nilimaliza fomu foo na vitu viwili tu, cheti na hiyo tabia. Kitabu kikiingia kwangu lazima kivae kaki, kikunjwe pembe, kibanwe na selotepu. Hiki cha mazombi kilikuwa na sababu ya ziada. Nje yake palichorwa mkono wa maiti ukitoka udongoni, kucha zimeng'oka, na mimi ni mtu wa kanisa, hata kama kanisa lenyewe nalisikiliza kwa redio.

Nilikitoa Kawangware. Kuna fundi wa nguo huko niliyesoma naye, na kila Jumamosi mchana tunakaa watu wanne nyuma ya cherehani zake. Kila mmoja anasema anasoma nini wiki hii, amefika wapi, na nani akichukue baada yake. Sheria ni moja: kitabu hakilali kwa mtu zaidi ya wiki mbili. Hiyo ndiyo safari pekee inayonitoa nyumbani bila kusukumwa. Fundi akiniona tu anapiga kelele, "Kuku wa ndani ametoka! Anueni nguo, leo inanyesha!"

Fundi mwenyewe husoma mapenzi, yale ya daktari na nesi. Muuza viatu husoma vita. Mwalimu wa nasari husoma chochote kitakachomliza. Niliposema mimi niko kwa mazombi, walicheka hadi fundi akakosea mshono.

"Si hiyo ni ya watoto wa video?" akaniuliza.

Nikawaambia, na bado nawaambia, kwamba zile za damu na kukimbia hata mimi huziacha ukurasa wa kumi. Ninazotafuta ni zile ambazo zombi ni kisingizio tu. Niliwahi kusoma moja ya soja aliyeendelea kulinda geti la jumba lisilo na mtu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia aache kazi. Nililia kwa ajili ya geti. Na hii ya sasa ni ya msichana ambaye mamake amegeuka zombi. Mji mzima unataka wagonjwa wapelekwe kuchomwa, naye anamficha mamake stoo, amemfunga leso mkononi asitoke. Kila asubuhi anateka maji, anamwogesha, anamhadithia bei ya nyanya sokoni. Mama hajui ni nani anayemwogesha. Anatoa meno tu. Hakuna dawa inayopatikana katika hicho kitabu, nilikwisha kukimaliza na najua. Lakini kuna sura ya kumi na moja.

Jirani alikaa nacho siku tatu. Ya nne aliingia bila kubisha.

"Hiki ni nini?"

Nikakifungua. Mazombi.

"Woi, jirani, nimechanganya, hizi kaki zinafanana..."

"Nilikuomba kitu cha kunisaidia na mamangu. Umenipa mama ameoza, amefungwa na leso, anauma watu!" Akanionyesha kifundo cha mkono. Wiki ile shosho, mamake, ambaye siku hizi humwita kwa jina la dada yake marehemu, alikuwa amemuuma akiogeshwa. Ploti nzima ilisikia kelele. "Kumbe hivyo ndivyo mnatuona hapa."

Mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi nilimuuliza, "Umefika sura ya ngapi?"

"Ya tatu. Na hapo ndipo mwisho wangu." Akakitupa kitandani, akaenda.

Lazima mjue huyo jirani ni nani kwangu. Mtu asiyetoka nyumbani huwa na mtu mmoja anayemletea dunia, na wangu ni huyo. Maji yakija mferejini, ndiye anayegonga ukuta. Nani amezaa, nani amehama, nani ameokoka na nani amerudi nyuma, vyote hupitia kwake pamoja na mandazi mawili anayonibakishia. Siku iliyofuata maji yalikuja, ukuta haukugongwa. Nikayakosa. Niliweka kile kijitabu cha kliniki mlangoni pake, na pakiti ya sukari juu. Jioni sukari ilikuwa imerudishwa kwangu. Kijitabu hakikurudi, na mimi nikajishikilia hapo.

Jumamosi niliwaeleza wenzangu Kawangware. Nilitegemea huruma.

"Hama," akasema muuza viatu.

"Na wiki mbili zako zimeisha," akasema mwalimu, mkono ameshanyoosha. "Leta. Ni zamu yangu kulia."

Nikakishika kwa mikono miwili. "Sikiachii. Niongezeni wiki moja."

"Sheria ni sheria, siste. Na wewe ulikwisha kukimaliza."

"Mimi nimemaliza, yeye amekwama sura ya tatu. Pale mama bado ni mnyama, na binti mwenyewe anawaza kumtoa achomwe. Akibaki pale, atabaki akijua kwamba nilimcheka. Lazima afike ya kumi na moja."

Fundi akaweka makasi chini. "Na atafikaje, na hataki hata kukuona?"

"Hahitaji kuniona. Ule ukuta ni mbao na katoni. Yeye akipiga chafya, mimi ndiye nasema pole."

Mwalimu akaurudisha mkono wake. "Wiki moja," akasema. "Na ukirudi na jicho limefura, utuambie ni katika sura ya ngapi."

Jumatatu, saa kumi mchana, saa ambayo shosho huogeshwa, niliweka stuli ikitazama ukuta nikaanza sura ya nne. Kitabu ni cha Kizungu, kwa hivyo nilikuwa nakivua na kukivalisha Kiswahili nikiendelea, na nilipokwama kwa neno nilitia langu. Upande wa pili redio ikapandishwa. Nikapandisha sauti. Ikapandishwa tena. Kutoka chumba cha mwisho mtu akaita, "We siste! Umeokoka ama umeruka akili?" Nikaendelea, nilikuwa katikati ya sentensi.

Jumanne ilikuwa redio tena, nyimbo za injili hadi mabati yakatetemeka. Nilisoma sura mbili na koo likakauka. Jumatano redio iliwashwa lakini haikupandishwa. Alhamisi yule msichana wa kitabuni alimwambia mamake bei ya nyanya, na sikusikia redio, nilisikia beseni tu likiwekwa sakafuni. Sikufurahi haraka. Huenda betri zilikuwa zimeisha.

Ijumaa ndiyo ilikuwa sura yenyewe, na wiki yangu ilikuwa inaisha kesho yake. Nikasoma. Wanaume wa mji wako nje na mapanga, wanabishana nani aingie kwanza. Binti hawezi kufanya kitu tena, kwa hivyo anachukua kitana na kuanza kumchana mamake nywele, asije akatolewa mbele ya watu akiwa vile. Na yule mama, asiyemjua mtu, anayeuma kila mkono, anainamisha kichwa. Anakiinamisha vile vile alivyozoea akisukwa. Basi. Hageuki kuwa mzima. Anainama tu, ili binti afikie kisogo.

Hapo nilishindwa kuendelea, nikajifanya nageuza ukurasa.

Upande wa pili maji yalimwagwa. Kisha nikasikia sauti ya jirani, chini kabisa, hakuwa akiniambia mimi: "Inama kidogo, mama." Shosho hakupiga zile kelele zake za kuoga.

Halafu ukuta ukagongwa, kwa kifundo cha kidole, vile unavyogongwa maji yakija.

"Wewe! Rudia hapo pa nywele, na usome polepole. Unakimbia kama hao maiti wanakufuata wewe."