Nondo Namba 27 na Namba 40

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa huko Bungoma na shule yangu ikaishia darasa la pili. Nilichunga ng'ombe za watu, nikabeba magunia ya mahindi Kitale, mpaka nikanunua shamba langu. Hakuna mtu alinishika mkono. Nasema hivyo ili ujue kwa nini sipendi kusahihishwa.

Nondo nilianza kuwaandika nilipoweka taa kwenye ukuta wa zizi. Asubuhi niliwakuta wamelala hapo, hawa vipepeo wa usiku ambao watu hawawaangalii, mmoja kama jani kavu la mhindi, mwingine kama gome la mti. Kuku walikuwa wanawameza. Nikajiuliza, miaka yote hii sijui nani analala kwangu? Nikanunua daftari. Siku hizi naamka kabla ya kuku kufunguliwa. Kila aina mpya naichora, naipa namba, naandika siku, mvua, na jina ninaloipa mwenyewe.

Namba 27 niliita Mama Mkubwa: mnene, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Namba 40 niliita Kichana: mdogo, kahawia, masharubu ya kichwani kama chanuo.

Binti yangu, mwalimu wa sayansi Bungoma, alipokuja kututembelea akafungua daftari, akagusa picha za hao wawili.

"Baba, hawa ni aina moja. Huyu mke, huyu mume."

"Ati nini? Huyu hafiki hata nusu ya huyu!"

"Na wewe na Mama je?"

Mke wangu, ambaye ni mpana kunishinda, alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Iliniuma. Daftari hilo ndilo kitu cha kwanza nimeandika maishani mwangu. Kama lina uongo, basi mimi bado ni yule wa darasa la pili.

Nikamkamata Mama Mkubwa mmoja, nikamweka ndani ya katoni nione watoto wake watafanana na nani. Akataga. Mayai yakatoa viwavi wenye manyoya, nikawalisha majani ya mpera, mikono ikaniwasha wiki nzima.

"Mzee, ng'ombe hawajakula, wewe unalisha wadudu," mke wangu akasema.

"Ngoja tu, bana. Mwalimu ataaibika."

Viwavi wakajifunga ndani ya vifuko vya nyuzi, wakanyamaza kwa wiki kadhaa. Asubuhi moja nikakuta Mama Mkubwa watatu wametoka. Nikatembea kifua mbele. Kesho yake, kutoka kwa vifuko vya viwavi wale wale, Kichana wawili wakatoka mbele ya macho yangu, mabawa bado yamekunjamana.

Niliwaangalia mpaka chai ikapoa. Watoto wa mama mmoja, na hawafanani hata kidogo! Hasira sijui ilienda wapi.

Nikapiga simu. "Mwalimu, ulisema kweli."

"Baba, simu inakwama. Rudia."

Nikarudia.

"Nilisikia ile ya kwanza. Nilitaka tu kusikia tena."

"Wacha ujinga. Niambie, hayo masharubu ya mume ni ya nini?"

"Ya kumnusa mke akiwa mbali."

Hiyo nayo nikaiandika. Kisha nikachukua rula, nikaifuta namba 40 kwa mstari mmoja.

Leo nina ekari sita Kitale, ploti moja Bungoma, nyumba ya mawe, ng'ombe watano, madaftari matatu, na aina mia moja na nane za nondo.