Ufunguo Niliofunga kwenye Mtandio

Usiku ule nilikesha na simu kifuani nikisubiri neno moja tu: njoo. Halikuja. Kilichokuja ni ujumbe wa binti yangu Retna: "Mama, lala tu. Wameshaniwekea kidonge cha kuanzisha uchungu. Niko na Mama Sarmi."

Niko na Mama Sarmi. Nikausoma tena na tena mpaka mwanga wa simu ukaniuma macho. Pembeni yangu mume wangu Paiman alikuwa anakoroma kama mtu anayepasua mbao. Nikampiga kiwiko.

"Kuna nini? Amejifungua?"

"Amemchagua Sarmi."

"Si alishatuambia tangu juzi? Hospitali inataka mtu mmoja wa kukaa naye, na meli ya Giyanto bado haijafika kutoka Kalimantan. Lala, mke wangu."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Na Sarmi ndiye anayejua kuzaa," akasema, akageukia ukutani.

Hakukusudia ubaya, lakini maneno yale yalinikwama kama mwiba wa samaki. Watoto wangu wote wawili walitolewa kwa kisu, mimi nimelala, mwili umekufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini. Uchungu wa kuzaa nimeusikia kwa majirani tu. Sarmi, mama mzazi wa mkwe wangu Giyanto, amezaa saba katika nyumba yake ya kuta za mianzi. Yule wa mwisho alikuja Sarmi akiwa anafunga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye majani ya migomba, na watu wanasema alimaliza kwanza kufunga kikapu kizima ndipo akamwita mkunga.

Huyo ndiye Sarmi. Pale sokoni kwetu Wonosari hakuna asiyemjua. Ana pengo la jino moja mbele, na akicheka halifichi. Miguu yake imepanuka kwa kubeba soya mgongoni tangu alipokuwa msichana. Hajui kusoma vizuri, lakini akishika tempe anakujulisha kama imechacha sawasawa au ilifunikwa kwa haraka. Mume alimfia mapema, akalea watoto peke yake, na sijawahi kumsikia akilalamika. Hata hilo linaniudhi. Mtu asiyelalamika unamchukia kwa sababu gani?

Nilianza kumwonea wivu polepole. Retna, ambaye kwangu alikuwa anachagua chagua chakula tangu utotoni, kwa Sarmi alikuwa anakula mpaka ukoko wa wali. Tumbo lilipoanza kuwa zito, kila jioni alikwenda kule akandwe mgongo. Siku ya kumwogesha kwa maji ya maua, mimba ilipofika mwezi wa saba, nilimmwagia mimi kwanza, akatetemeka kwa baridi. Sarmi alipommwagia, Retna akacheka. Maji yalikuwa ya mtungi uleule.

Asubuhi, kabla ya kwenda hospitali, nilifanya kama tunavyofanya siku zote mtu wa nyumbani anapojifungua, ili njia yake nayo isifungike. Nilifungua madirisha, kabati, masanduku, nikafunua masufuria, nikafungua hata mkebe wa sukari. Nywele zangu nikaziacha bila kifundo. Nikafika kwenye kasha la chini ya kitanda. Humo nimehifadhi vitambaa vya batiki nilivyombebea Retna mwenyewe, vimefuliwa mpaka vimekuwa laini kama ngozi. Sarmi alikuwa amemwagiza Paiman avilete, ili mtoto avikwe mara tu akitoka. Nikamwona kwa akili yangu akimfunga mjukuu wangu kwa mikono yenye harufu ya soya, mimi nikiwa koridoni. Nikalifunga kasha. Ufunguo nikaufunga kwenye ncha ya mtandio. Mtoto atavikwa taulo ya hospitali, nikajisemea, na batiki itamsubiri nyumbani, kwenye mikono yangu.

Chumba cha kujifungulia kilikuwa na mlango wenye kioo kidogo. Nikasimama hapo. Kwa ndani niliwaona wakitembea, Retna akisukuma kile chuma chenye magurudumu kinachobeba dripu, Sarmi ubavuni kwake. Maumivu yalipokuja, binti yangu alimning'inia shingoni, na wote wawili wakayumba huku na huku kama mianzi kwenye upepo. Yalipopita, wakatembea tena. Kisha akakaa juu ya mpira mkubwa, kichwa kimeegemea kitandani, na Sarmi akamkandamiza chini ya mgongo kwa kiganja. Nilijua mgongo ule. Nilikuwa naupaka poda kila jioni mpaka alipoanza shule.

Mkunga akafungua mlango, nikarudi nyuma.

"Mama, usizibe hapa. Watu wanapita."

"Anaendeleaje?"

"Tumeongeza dawa kwenye dripu, uchungu ni mkali, lakini njia imesimama palepale, haifunguki zaidi. Daktari anampa mpaka alasiri. Ikishindikana atapasuliwa."

Nilipaswa kuogopa. Niliogopa, ndiyo. Lakini kabla ya woga kilipita kitu kingine, chepesi, kama mtu anayechungulia dirishani na kukimbia. Niliwaza: akipasuliwa atakuwa kama mimi. Hapo Sarmi hatajua lolote. Mimi ndiye nitakayemfundisha jinsi ya kuinuka kitandani, jinsi ya kukohoa ameshika mto tumboni. Nikakaribia kufurahi. Nikaketi kwenye benchi, nikaushika ule ufunguo kupitia kitambaa. Ulikuwa wa moto.

Muda si mrefu Sarmi akatoka mwenyewe. Alitembea ameshika ukuta. Akajitupa kwenye benchi kando yangu, akanyoosha magoti, yakalia.

"Miguu imekataa, Murtini. Tangu jana jioni. Hii dripu haina adabu. Uchungu wangu mimi ulikuwa unakuja kama mgeni, unabisha hodi, unasubiri. Huu wa kwake unavunja mlango. Mmoja haujatoka, mwingine umeingia. Kwa kweli sijawahi kuuona wa namna hii."

Akanigeukia.

"Nyumbani mmefungua vyote?"

"Vyote."

Macho yake yakashuka mpaka kwenye mtandio wangu, kwenye ile ncha niliyoishika.

"Na hicho ni nini?"

"Ufunguo wa jikoni."

"Jikoni kwenu hakuna mlango, mwenzangu."

Paiman, niliyekuja naye na aliyekuwa amesimama karibu na mashine ya maji, akageuza uso. Nilijua anacheka. Mimi masikio yaliwaka. Sarmi hakucheka. Alinitazama, pengo lake limefichwa kwa mara ya kwanza.

"Ni kasha la batiki," nikasema. "Sikutaka umvike wewe."

"Ningejua hivyo ningekuachia umvike," akasema. "Unadhani mimi sina macho? Nimemkanda kiuno mpaka vidole vimekufa, yeye anatazama kile kioo. Ukiondoka kidogo anauliza, 'Mama yangu bado yupo?' Nami najifanya sijasikia. Nimelea wanaume watupu saba. Nilitaka na mimi nipate mmoja wa kunishika shingoni."

Nikafungua fundo kwa meno, maana nililikaza sana, nikampa Paiman ufunguo.

"Nenda nyumbani, ufungue lile kasha, ulete kila kilichomo."

"Sasa hivi? Nimeagiza chai."

"Chai itakusubiri, shemeji," Sarmi akamwambia. "Mjukuu wako hana subira hiyo."

Paiman akaondoka mbio, kandambili zikipiga sakafu. Sarmi akaniinua kwa mkono.

"Wewe ingia."

"Mimi? Sarmi, mimi sijui. Mimi walinipasua."

"Yeye ana mgongo, wewe una mikono. Hujui nini?" Akanisimamisha nimeegemea ukuta, akaweka mikono yake mizito juu ya mabega yangu. Alinuka soya na mafuta ya mkaratusi. "Akikuning'inia, legeza magoti, usijikaze. Usimwambie pole kila mara, pole inamliza na akilia anabana. Toa sauti nzito ya chini, kama ng'ombe anayetaka kukamuliwa, naye ataifuata. Asilale chali. Akipata nafasi, tembea naye hata hatua mbili. Lia kama ng'ombe, nikusikie."

"Hapa koridoni?"

"Kwani utalia wapi, msikitini?"

Nikatoa sauti. Mwanamke aliyekuwa akipita na chupa ya chai akatutazama, akaongeza mwendo. Sarmi akacheka, safari hii pengo wazi. Hata wakati huo niliona wivu, kwamba anajua haya yote na anayagawa bure, kama kipande cha tempe cha kuonjesha. Akaenda kuzungumza na mkunga. Nikaona mkunga akitikisa kichwa, kisha akitazama miguu ya Sarmi iliyovimba, kisha akiitikia.

Mlango ukafunguliwa.

Retna alikuwa amesimama ameinamia kitanda, nywele zimemwangukia usoni, shati la hospitali limelowa mgongoni. Dripu ilikuwa inadondoka bila kupumzika. Aligeuza kichwa, akaniona, akatazama nyuma yangu.

"Mama Sarmi yuko wapi?"

Likanichoma, siwezi kusema halikunichoma.

"Anapumzisha miguu. Yuko hapo nje."

Nikabaki pale kwenye kizingiti. Miezi yote ya mimba nilikuwa namkemea: usikae mlangoni, unaziba njia ya mtoto. Sasa miguu yangu yenyewe ilikuwa imeota mizizi. Nikaona mabega yake yakipanda, vidole vikikaza shuka. Maumivu yalikuwa yanakuja tena.

"Mama," akasema kwa meno yaliyobana, na mkono mmoja akaunyoosha kuelekea shingo yangu. "Usisimame mlangoni. Ingia."