Tope la Mama Mkubwa Ndani ya Baa ya Anoka

Mama mkubwa alikuwa na mbuzi mla sabuni. Siku moja mbuzi huyo alitoka povu mdomoni, majirani wakakimbia wakidhani ana kichaa. Shule niliiacha darasa la tatu, na mbuzi yule namkumbuka kuliko mwalimu. Ubaya wake wa pili, alilamba ukuta wa nyumba hadi fito zikaonekana. Mama mkubwa akaniingiza kwenye tope nikandike. Ndipo nilipojifunza: udongo na nyasi, ponda kwa miguu, ulaze siku tatu, piga kwa kiganja.

Sasa mimi ni mkimbizi mzee hapa Minnesota, Marekani. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuwa akipika kwenye baa ya Kiingereza katika mji wa Anoka. Akanipigia simu: "Baba, kuna ukuta wako huku."

Nilipouona nilicheka. Mwenye baa hujisifu kwamba miti ya jengo lake ilivushwa bahari kutoka Uingereza. Nguzo nene, nyeusi, zimechongwa ndimi zikaingia matunduni, zikafungwa kwa vigingi vya mti. Msumari hakuna. Na katikati ya nguzo? Fito zimesukwa, zimekandikwa, juu chokaa. Nyumba ya mama mkubwa, imevaa koti.

Bomba la maji lilikuwa limevuja, kipande cha ukuta kikabomoka, nikaombwa nikizibe. Nilitaka niache ukuta mmoja nchi hii wenye alama ya kiganja changu. Nikakandika.

Siku ya pili mwenye baa akaja na saruji, akasimama nyuma yangu akitafuna chingamu sikioni mwangu. Nilimchukia hapo hapo, sifichi.

"Anasema umalizie na saruji, Ijumaa kuna wageni," mkwe akasema, macho kwenye viatu.

"Mwambie saruji itafungia maji ndani. Nguzo zake zitaoza."

Wakasemezana. Mzungu akacheka, akasema maneno marefu.

"Sema," nikamwambia mkwe.

"Baba, siwezi."

"Mimi ndiye ninayekutuma."

"Anasema vibanda vya matope ni vya kwenu. Hii ni nyumba ya historia."

Kwetu mkwe hamtamkii baba mkwe tusi, hata la kutumwa. Nilimlazimisha, kosa ni langu. Tangu hapo hanitazami usoni.

Mwenye baa akachota saruji mwenyewe, akaipaka juu ya udongo wangu mbichi, juu ya alama ya vidole vyangu vyote vitano.

Nikanawa mikono kwenye ndoo, nikaimwaga mlangoni pake. Nikaenda kwa miguu hadi kituo cha basi. Sikurudi tena.