Mstari wa Shingoni

Siku ya kwanza kuziona zile katuni nalidhani mwanangu amefanyiwa uchawi. Nalipanda juu darini kuanua nguo, nkakuta kwenye kamba, baina ya shuka na madera, karatasi zimebanwa kwa vibanio, zakauka. Kila karatasi ina jini. Jini la kike, pembe mbili, mato kama taa za lori, na kipajini pameandikwa namba. Mimi kusoma sijui, lakini pembe nazijua. Nkashuka ngazi na magoti yangu haya haya, nkatia ubani chetezoni, nkarudi juu kuzifukiza moja moja.

Mwanangu wa kike, kitinda mimba wangu, akarudi kazini akanikuta nimo moshini. Alikuwa karani Shimanzi, kwenye kampuni ya kutoa makontena bandarini. Akanitazama, akaketi pale pale chini, akacheka mpaka buibui likamvuka.

"Mama, wazifukizia nini? Hiyo ni hadithi!"

"Hadithi gani ina pembe?"

"Katuni. Nachora mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponikataza kuchora ukutani."

Basi akanieleza. Kuna jini lilifungiwa kontena huko ng'ambo, likateremshwa Mombasa, na makarani wakakataa kulitoa kwa kuwa halina karatasi. Ile namba ya kipajini ni namba ya kontena. Na hao makarani nao ni majini, kutwa wanywa chai, kila mmoja akutuma kwa mwenziwe. Nkamwambia, "Mwanangu, hiyo si hadithi, hiyo ni kazini kwako."

Tangu siku hiyo kila Jumapili, nkimaliza kukaanga bajia zangu za kuuza mlangoni, yuwaja na karatasi zake aniketia ubavuni. "Mama, nisemee." Yeye anioneshe picha, anambie huyu yuwataka nini, mimi nimpe sauti. Karani mkuu nalimpa sauti ya muuza halua wa Ndia Kuu, yule asemaye kwa puani. "Mzigo huu hauna karatasi, bibi." Jini nalimpa sauti ya jirani yetu aliyerudi Maskati na jino la dhahabu, kila neno hulivuta kama mpira; mwanangu akamchorea na jino lile. "Mimiii si mzigo!" "Kama si mzigo, wafanya nini ndani ya kontena?" Mwanangu haya yote huyaandika mbio mbio, huku yuwacheka, asije akayasahau. Nami nazidisha. Mtu akinicheka ndiyo hunipa pumzi.

Yeye na wenziwe hawakuwa na kampuni wala tajiri wa kuwatolea vitabu. Walikuwa watatu tu. Yeye mchoraji. Kijana wa Kigiriama, mlinzi wa godauni, ndiye fundi wa kutia rangi kwa kompyuta. Na msichana wa bara, aliyeteremka basi Mwembe Tayari na begi moja asirudi tena kwao, ndiye mpanga maneno. Wakipiga chapa kwenye duka la fotokopi, waja kuvishona kwangu, mkekani, kwa stepla.

Yule kijana huingia ameinama, sauti nzito. "Hodi, Mame. Bajia zaniita, nami ni mtu wa adabu, siwezi kukataa mwito."

Na yule msichana nyuma yake: "Mama, tumeletea wewe stepla ingine. Ile ya kwanza imekataa kufanya."

"Imekataa kufanya!" namuiga mbele yake. "Kwani uliiposa?"

Wakanichukua siku moja kwenye ukumbi, siku ya watu wa katuni. Nkaona ajabu. Vijana wana nywele za zambarau, wengine wana mabawa ya maboksi, na kila mmoja ameketi na meza yake na vitabu alivyovishona mwenyewe, yuwangoja mnunuzi kama muuza samaki. Huyu ana mazimwi ya ziwani, huyu ana mfalme chui, huyu ana nyota zasema. Kumbe mwanangu hakuwa peke yake na wazimu wake. Wako wengi, na wote wamekonda. Mmoja mwenye mabawa akanitazama buibui langu la kizamani na leso juu yake. "Mama, umeweza kabisa! Umevaa kama nani?"

Nkamuonesha kwa kidole. "Kama mamake yule."

Hapo mwanangu alikuwa mzima.

Mwaka wa pili akaanza kuvimba miguu. Wakasema figo. Ikawa twenda hospitali, alazwe, damu itolewe isafishwe irudishwe. Mkono mmoja una mipira ya mashine, mkono wa pili una kalamu. Muuguzi akimgombeza: "Wewe dada, si nilikuambia ulale?" "Nimelala, sista, ni mkono tu ndio uko macho." Kile kitabu cha mwisho alikichora vile. Mistari mingine yenda kombo, hapo ndipo alipotapika.

Alifariki Ijumaa, kabla ya alasiri.

Nalimuosha mimi na wanawake wawili wa mtaani. Wino wa kidoleni haukutoka. Nkasugua na sabuni, nkasugua na ndimu, mpaka yule muoshaji akanishika mkono. "Uwache, bibi. Aende nao."

Arubaini ilipokwisha, akaja mwanangu wa kwanza, kakake. Ni mwalimu wa madrasa, mpole, hata nzi humfukuza kwa tafadhali. Sikumbuki kumuona akifungua katuni hata moja. Wenziwe wakiwa mkekani washona, yeye hupita ametazama boriti za juu, atoe salamu, aende zake. Hawakupata kugombana na dadake. Hutazama juu, basi. Siku hiyo alikuja na gunia.

"Mama, zile picha."

"Zina nini?"

"Tuzichome. Mchora viumbe, siku ya kiama ataambiwa, ulivyoviumba vipe roho. Naye ataweza wapi?" Akalikunja lile gunia mikononi. "Tangu tumzike silali, Mama. Nkifumba mato namuona yuwaulizwa, yuwababaika."

Kila mtu mimi namuiga, hata imamu nishamuiga, Mungu anisamehe. Siku ile mwanangu sikumuiga.

"Wewe ndiwe mama," akanambia. "Ukisema ziwekwe, zitawekwa. Mimi sitakuasi."

Gunia akaliwacha mlangoni. Kesho yake wakaja wale wawili. Yule kijana hakuniambia neno la bajia.

"Mame, kitabu cha mwisho kimekwisha kutiwa rangi. Hakina mwisho, hakuwahi. Twataka kukitoa hivyo hivyo."

"Watu wanakingojea, Mama," yule msichana akasema.

Nkawaambia wangoje. Wakaenda. Nkaketi baina ya gunia na karatasi. Nkizichoma, kazi ya mwanangu imekwisha duniani, utasema hakuwahi kuitenda. Nkiziwacha, nani ajuaye huko aliko apata nini kwa ajili yangu? Wasomi wana vitabu vya kuwaambia. Mimi nna uchungu niliomzalia, nao hausemi kitu.

Ndipo nkamkumbuka marehemu babangu. Kwake bati la biskuti lenye sura ya mtu haliingii nyumbani mpaka atwae kipande cha makaa, alipige mstari shingoni. Nkampelekea mwanangu wa kwanza habari hiyo. "Na mstari je?"

Akafikiri. Akenda kumuuliza aliyemsomesha yeye. Akarudi, uso umemlegea kidogo. "Wako wasemao yafaa, Mama. Kichwa kikitengwa na kiwiliwili, si kiumbe tena. Mimi nitaliridhia hilo."

Wale wawili wakaridhia pia, lakini yule kijana akasema, "Mame, hilo mimi nalifanya kwa kompyuta, kufumba na kufumbua."

"La. Nimemuosha kwa mkono wangu. Na hili ni kwa mkono wangu."

Wakaniletea karatasi zote, za zamani na za kile kitabu cha mwisho. Kalamu nalikuwa sijapata kuishika. Yule msichana wa bara akanipanga vidole kimoja kimoja, kama amvishaye mtoto kiatu. "Shika hivi, Mama. Usifinye." Nkaanza na wale makarani. Nkadhani nitapunguza uzito kwa mzaha, nkawa nawasemea. Karani mkuu, kwa puani: "Bibi, usinikate, nna chai yangu haijapoa." Pya, mstari. Wa pili: "Si mimi, nenda kwa mwenzangu." Pya. Yule kijana akacheka, akatoka nje, akakaa huko sana.

Tukafika kwa jini. Yumo kila ukurasa. Shingo ndefu amempa, ina vikunjo viwili, na vikunjo vile navijua, nalikuwa nikivipaka poda mwanangu alipokuwa mchanga. Sikumpa sauti. Nkashika kalamu, nkasema bismillahi, nkakata. Ukurasa, nkakata. Mwengine, nkakata. Nkichoka msichana yuwanishika kiko cha mkono. Sikubakisha hata mmoja. Shetani alinambia bakisha mmoja, Mungu ni mwingi wa rehema. Sikubakisha.

Kikapigwa chapa. Nasikia wasomaji wako wapendao ile mistari, wadhani ni ufundi.

Mwanangu wa kwanza akaja baada ya swala ya alasiri, nakanda unga. Kitabu kiko mkekani. Kwa mazowea akatazama juu kwenye boriti. Halafu akashusha mato. Akaketi, akakitwaa, akafungua kwa ncha za vidole.

Huyu mwanangu hucheka na midomo imefungwa. Alicheka mpaka magego nkayaona. "Mama! Huyu si muuza halua?"

"Ndiye."

"Subhanallah. Na huyu jini ni jirani! Lile jino!" Akafungua, akafungua. "Hili la chai alilijuaje? Vile vile ndivyo wanifanyiavyo nkenda ofisi za serikali." Akawa anisomea mimi, kwa sauti ya darasani, maneno yaliyotoka kinywani mwangu, nami namuitikia kama sijapata kuyasikia.

Akafika mwisho. Akageuza jalada, akatazama nyuma, akarudi ndani, akapekua kama aliyeangusha kitu.

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu akatolewa? Ama walimrudisha ng'ambo?"

"Hakusema."

"Hata wewe hakukwambia?"

"Mimi nalikuwa nangoja aniletee picha nimsemee."

Akakifunga. Mato yamejaa matozi, na bado kidole amekitia katika ule ukurasa wa mwisho asipotee mahali.

"Ningemuuliza," akasema.

"Alikuwapo, mwanangu. Akiketi hapo hapo ulipoketi."