Mdomo wa Duara

Nina hasira za karibu, na mwezi ule sikuweza hata kukaa. Mdogo wangu alikuwa amefukiwa duarani, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita. Shimo lilititia naye ndani, wenzake wakashindwa kumtoa. Tulipofika, mimi na mama tulisimamishwa mbali. Mwanamke hasogelei mdomo wa duara, walisema, dhahabu itakimbia. Mama akarudi Shinyanga hana kaburi, na hata pale mwanawe alipozamia hakupaona. Hilo lilinikereketa usiku na mchana.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Ngokolo, Shinyanga. Niliwaomba wachimbaji wawili, wenzake marehemu, wanipimie mdomo wa lile duara, wakanitumia kamba yenye vifundo kwa basi. Nikanunua vyuma vya karasha bovu, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, nikakata vipande vinne, nikaviunga vikawa mraba sawasawa na ule mdomo, nikaulaza uani. Basi. Sikupaka rangi, sikuweka msalaba wala mtu aliyeshika sururu.

"Fundi, kitanda hiki mbona hakina chaga?" jirani akauliza.

"Si kitanda, ni sanamu."

"Sanamu ya nini?"

"Ya shimo! Hebu nenda zako!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mama naye, bila kuuliza, akatandika turubai ndani ya ule mraba na kuanika michembe yake ya viazi. Nikamfokea. Mungu anisamehe, nilimfokea mama yangu kwa ajili ya vyuma!

Jumapili moja wale wenzake wawili wakaja kutupa pole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Wakaingia uani, wakauona mraba. Hakuna aliyewaambia kitu. Wote wawili wakainama, wakavua viatu.

"Mbona mnavua?" mama akauliza.

"Kwenye mdomo wa duara hatuvai viatu, mama."

Mama akaitazama miguu yao, kisha vyuma. Akazoa michembe yote, akakunja turubai, akavua kandambili zake. Mmoja wao akanyoosha mkono kumzuia, halafu akaurudisha. Mama akaingia katikati, akaketi, akapapasa chuma cha kulia na cha kushoto kwa pamoja.

"Kumbe padogo hivi," akasema. "Na mabega yake yale."